Maneno Matano ya Citoyen Numbi

Nafasi ilikuwa moja, na Mutale ndiye aliyeihitaji kuliko wote. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kambi ya kiwanda mpaka leo wananisimulia habari hii mimi mwenyewe kana kwamba sikuwapo, na kila mmoja anaanzia pale panapompendeza. Mimi nilikuwapo. Karatasi zote nilizipiga mimi kwa mashine, na nakala za kaboni ninazo nyumbani.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa themanini na mbili, joto la Lubumbashi limeshapanda na mvua bado. Mutale alikuwa fundi wa tanuri katika kiwanda cha kuyeyusha shaba, miaka kumi na minne motoni, na kifua chake kilikuwa kimekwisha. Daktari alimwandikia barua fupi: huyu atolewe kwenye moto na moshi kabla ya mvua, la sivyo mimi simo. Mvua ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Alikuwa anatoka tanurini jasho linamtiririka, anapigwa na baridi ya nje, na siku za mvua moshi wenyewe haupandi, unabaki chini pale pale watu wanapopumulia. Mwaka uliotangulia alilazwa wiki sita.

Mkewe Honorine alikuwa jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta mmoja. Jina hilo la Honorine lilikuwa limeshakatazwa na chama, kama majina yote ya Kizungu, na kwenye kitambulisho aliandikwa lingine, lakini ndani ya nyumba zetu hakukuwa na polisi. Kikohozi cha mumewe nilikisikia kupitia ukutani, kwa hiyo sikuhitaji barua ya daktari kujua hali ilivyo. Honorine alikuwa akiniletea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye bakuli lenye mfuniko, tunakunywa mlangoni, na siku hizo alikuwa na swali moja tu: ile nafasi ya bascule, watampa nani?

Bascule ni ile mizani kubwa ya malori langoni. Mpimaji alikuwa na kichumba chake, dirisha, kiti na daftari, mbali na moshi. Mzee aliyekikalia kichumba hicho alikuwa amestaafu. Walioomba walikuwa watatu, wote wa tanurini: Mutale, Kapya na Nkandu.

Zamani jambo kama hilo lilikwisha kwa dakika tano. Ungejua nani ni mtoto wa dada wa nani, na nani anacheza mbele kwenye ngoma za chama, basi umeshajua jibu. Lakini mwaka ule tulikuwa na mhandisi mpya, Citoyen Numbi (citoyen ni mwananchi, ndivyo chama kilivyotaka tuitane), mtu wa Kamina, ametoka kusoma Ubelgiji. Alivaa abacost moja ya kijivu, ile suti ya chama isiyo na tai, kila siku na hakuwa na haraka ya kucheka. Wiki yake ya kwanza alimkatalia mjumbe wa chama kazi ya mpwa wake, tena kwa adabu, na sote tukasubiri aondolewe. Hakuondolewa. Nikaanza kufika kazini mapema.

Nilimpenda, nasema wazi, na si kwa namna ile mnayoifikiria. Nilikuwa karani wa miaka tisa, nimezaliwa papa hapa kwa wazazi wa Kasai walionipa jina la kwao, Mujinga, ambalo halina ujinga wowote ndani yake, na katika miaka tisa hiyo nilikuwa nimeambiwa mara nyingi kwamba kazi yangu nimeipata kwa sababu sisi watu wa Kasai tunabebana. Kwa hiyo mtu aliyekuja kusema kwamba hapa hapabebwi mtu, kwangu alikuwa kama maji baridi.

Siku moja aliniita mezani kwake anionyeshe utaratibu wake.

"Muntu ukimuuliza namba, anabuni," aliniambia. "Douze sur vingt, treize sur vingt, inatoka wapi? Mais ukimuuliza kama kintu iko muzuri ao mubaya, ile anajua. Donc tutabauliza maneno. Hesabu tutafanya siye."

Maneno yalikuwa matano: mubaya sana, mubaya, katikati, muzuri, muzuri sana. Alichora mstari kutoka sifuri mpaka kumi, na juu ya mstari akachora vilima vitano, kila neno na kilima chake. Kilele cha "katikati" kilikuwa kwenye tano, lakini mguu wake mmoja ulimkanyaga "mubaya" na mwingine ukamkanyaga "muzuri". Hakuna anayejua neno moja linaishia wapi na la pili linaanzia wapi, alinieleza, kwa hiyo hesabu yenyewe ikubali kwamba haijui. Waamuzi wangetoa maneno yao juu ya mambo manne: ujuzi, uangalifu, tabia na haja ya kuhama. Kila jambo lingepewa uzito wake, vilima vingejumlishwa, na mwishoni lingetoka jina moja bila mtu yeyote kulisukuma.

Waamuzi walikuwa watatu: Mwape, kapita wa tanuri, ambaye waombaji wote walifanya kazi chini yake, Anaclet, muuguzi wa zahanati, na mkuu wa walinzi wa lango. Na kulikuwa na masharti, ambayo niliyapiga kwa herufi kubwa. Sharti la pili lilisema mwamuzi mwenye undugu na mwombaji yeyote hatahesabiwa. La nne lilisema kila pingamizi litasikilizwa mbele ya wote, pasiwe na kitu cha kunong'onezana. Nilipoyabandika ukutani nilijisikia mrefu kidogo.

Mwape hakusoma Kifaransa vizuri, ndiyo maana nilitumwa kumuuliza kwa mdomo. Nilimkuta wakati wa mapumziko, kwenye benchi karibu na tangi la maji, yeye na watu wake. Alikuwa mtu mzima, mvi zimejaa, sauti ya kupasua mawe. Mutale alikuwa ameketi hatua tano kutoka pale, kitambaa shingoni. Nilisema tungeweza kwenda pembeni. Mwape akasema hapana, yeye hana siri.

Nikaanza na Kapya. Ujuzi, muzuri. Uangalifu, muzuri. Tabia, muzuri. Haja, katikati. Nkandu naye akapata katikati nyingi na muzuri moja. Yote aliyasema taratibu, akifikiri, kama mtu anayepanga matofali.

"Na Mutale? Ujuzi?"

Mwape akageuka akamtazama Mutale, na uso wake wote ukabadilika. "Ule? Mubaya sana. Ile iko mbuzi, mama. Umuweke ku bascule, atakula makaratasi yote, hata ya Citoyen Ingénieur."

Watu wakacheka. Mutale naye alicheka mpaka akakohoa.

"Uangalifu?" niliuliza. Nilikuwa nimekasirika.

"Mubaya sana. Mbuzi inachunga nini?"

"Tabia?"

"Andika mubaya sana. Ananuka."

"Haja ya kuhama?"

"Haja gani? Mubaya sana. Mbuzi haichokake. Inalalaka tu."

Niliandika. Upande wa kulia wa karatasi kulikuwa na safu ya maelezo, ambayo Citoyen Numbi aliiweka kwa ajili ya chochote ambacho yale maneno matano hayakuweza kubeba. Kalamu yangu ilifika hapo. Nilikuwa nimemwona Mwape akicheka, na nilikuwa nimemwona Mutale akicheka. Nikaiacha tupu. Nilijiambia kicheko si maelezo. Na nitasema lililo baya zaidi: nilimdharau yule mzee kwa kumwita mtu mbuzi mbele ya wenzake, na wakati huo huo nilifurahi, nikafikiri hapa angalau kuna mmoja asiyembeba mtu. Mutale alikuwa jirani yangu, mkewe rafiki yangu, na bado niliandika. Niliona fahari.

Matokeo yalitoka baada ya siku nne. Kapya alikuwa wa kwanza, Nkandu wa pili, Mutale wa mwisho kwa mbali. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisipite mlangoni kwa Honorine.

Kesho yake asubuhi, baada ya kupandisha bendera na kuimba, Mwape alinifuata mpaka ofisini. Alikuwa amechangamka.

"Mama Mujinga, mbuzi yangu inatoka siku gani mu moto?"

Nilimtazama nikidhani ananidhihaki. Nikamwambia Mutale hatoki, na kwamba aliyemzuia ni yeye. Nikamtolea karatasi, nikamsomea kwa sauti: mubaya sana, mubaya sana, mubaya sana, mubaya sana.

Alikaa. Hakuambiwa akae, alikaa tu, kwenye kiti cha wageni, na mikono yake ikaanza kusugua magoti.

"Uliandika ile?"

"Ndiyo uliyoyasema."

"Mama. Miye niko muntu ya Chui. Ye iko muntu ya Mbuzi. Iko munungwe wangu. Muntu yote mu fonderi anajua."

Mimi sikujua. Miaka tisa ofisini, miaka thelathini na mbili mjini humu, na sikujua. Nilikuwa nimesikia watu wakitukanana misibani na kuchekana sokoni, nikafikiri ni ushamba wao. Ndipo alinieleza, kwa uvumilivu ambao sikuustahili, kwamba ukoo wa Chui na ukoo wa Mbuzi ni banungwe, yaani watani, tangu babu wa babu, kwamba Chui humtukana Mbuzi popote amwonapo, naye Mbuzi humtukana Chui, na kwamba wakifiwa ndio wanaozikana.

"Sasa kwa nini hukusema ukweli, na hiyo ilikuwa kazi?" nilimuuliza.

"Alikuwa pale. Alikuwa anasikia. Munungwe akikusifu mbele yako, iko kukuaga, sawa vile banaaga mufu. Haifanyake. Nilisema utaandika vile bantu banajua." Akapandisha mkono wa shati. "Ile Mutale njo mutumishi wangu wa kwanza. Siku ya bomba kupasuka, njo ye alinivuta. Unaona mukono hii? Ingekuwa haiko."

Nilichukua karatasi nikaingia kwa Citoyen Numbi bila kubisha hodi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, na ni haki yake nimseme vizuri hapa. Hakucheka wala hakunifokea. Alitazama safu ile tupu ya maelezo kwa muda, kisha akasema kwamba hawezi kubadilisha neno la mwamuzi kwa kuambiwa na karani, lakini sharti la nne lipo. Mwape aje aliseme upya yeye mwenyewe, mbele ya waamuzi na waombaji wote.

Tulikutana Ijumaa saa nane mchana, katika chumba cha mikutano chini ya picha kubwa ya Rais. Mutale alikaa mwisho wa benchi, Kapya na Nkandu kando yake. Mjumbe wa chama naye alikuja, ingawa hakualikwa, akaketi karibu na mlango.

"Citoyen Mwape," Numbi alisema, "tunakusikia. Mutale, ujuzi?"

Mwape alisimama. Alimtazama Mutale, akanitazama mimi. "Citoyen Ingénieur, nakuomba. Mutale atoke inje kidogo tu."

"Hapana. Hapa hatuna mambo ya kujificha. Iko mu masharti."

Nilikuwa najua anaomba nini, na kwa nini. Ningeweza kusema. Badala yake nilifungua daftari la kumbukumbu magotini nikaandika ombi lake na jibu alilopewa, kwa kuwa masharti yale nilikuwa nimeyapiga mimi na kuyabandika mimi.

Mutale ndiye aliyesema. Alikohoa kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sema tu, Chui. Niko nasikia."

Basi Mwape akasema. Ujuzi, muzuri sana. Uangalifu, muzuri sana. Tabia, muzuri sana. Haja ya kuhama, na hapo sauti yake ya kupasua mawe ikapotea, muzuri sana, hakuna mwenye haja kama yeye. Hakuna aliyecheka. Mutale alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake, na Kapya aliyekuwa karibu naye akasogea kidogo, akampa nafasi.

Niliandika kwa haraka. Hesabu nilishaifanya usiku uliotangulia kichwani: kwa maneno hayo Mutale alikuwa wa kwanza.

Lakini mjumbe wa chama akainua mkono kutoka mlangoni. "Question," alisema. "Ile bunungwe, iko bundugu ao haiko?"

Citoyen Numbi aliweka kalamu chini. Nilimwona anaelewa, na nilimwona anatamani asingeelewa. Sharti la pili lilikuwa ukutani nyuma yake, kwa herufi zangu kubwa. Yeye, mtu aliyemkatalia mjumbe mpwa wake, asingeweza kujifanya hakusikia. Akamgeukia Mwape.

"Citoyen Mwape, jibu. Bunungwe iko bundugu?"

Kama angesema hapana, habari ingekwisha. Ningemwonyesha kwa macho kama angenitazama. Lakini Mwape alikuwa ameulizwa juu ya jambo lake la heshima, mbele ya mtani wake, baada ya kumuaga, na akanyooka mgongo.

"Inapita bundugu," alisema.

Maneno yake yalifutwa. Si kwa Mutale tu bali kwa wote watatu, maana Numbi alisema mizani lazima iwe moja. Walibaki Anaclet na mkuu wa walinzi. Tulifanya hesabu pale pale, mimi nikijumlisha na yeye akikagua, vilima juu ya vilima. Kapya alipata sita nukta tatu. Mutale alipata sita nukta moja.

Nilibaki chumbani watu walipotoka. Nilimwambia Citoyen Numbi, na sauti yangu haikuwa ya karani, kwamba tofauti ya sita nukta tatu na sita nukta moja si kitu, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba hakuna ajuaye neno linaishia wapi. Nilimwambia atumie akili.

"Akili njo ilituweka vile tulikuwa," alijibu. Alikuwa amevua miwani, anajisugua macho. "Nikikubali hii leo, kesho ule wa mulango ataleta mutoto ya dada yake, atasema iko munungwe. Nitamujibu nini? Nafasi ingine ikifika, Mutale wa kwanza. Nakuahidi."

Aliahidi kwa dhati, na alikuwa na hoja. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nikiitafuta hoja yake nimvunjie, siipati.

Jioni Honorine hakuleta munkoyo. Nilikwenda mimi. Alikuwa anasonga bukari, hakugeuka.

"Mwape alimuaga," alisema. "Kama angebaki kumutukana, ningelala."

Nilimwambia ni mila tu. Alisonga mpaka mwiko ukagonga sufuria, kisha akaniambia nirudi kwangu, mara moja, bila ukali, na nikarudi.

Mvua zilianza mapema mwezi wa kumi na moja. Kapya alikuwa kwenye kichumba cha bascule, na sitamsema vibaya, naye alikuwa na watoto wanne na kazi aliifanya sawasawa. Kila asubuhi Mutale alipopita langoni, Kapya alisimama ndani ya kichumba chake mpaka amepita. Mwape alimpa Mutale zamu zilizo nyepesi kadiri alivyoweza. Lakini nilisikia kutoka kwa watu wa tanuri kwamba utani wao ulikufa. Mwape alijaribu, akasema mbuzi hivi na mbuzi vile, Mutale akatabasamu tu, na wenzao wakatazama pembeni. Nafasi nyingine haikutokea. Kikohozi nilikisikia ukutani mpaka katikati ya mwezi wa pili, na asubuhi moja sikukisikia.

Tulimzika siku ya jua, mchana, udongo ukiwa bado mzito kwa mvua ya jana yake. Citoyen Numbi alikuja, akasimama nyuma ya wote, abacost yake ya kijivu imelowa miguuni. Watu wa ukoo wa Chui ndio waliochimba kaburi, kama ilivyo desturi yao, na Mwape alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani. Alitoka matope matupu. Jeneza lilipofika akalala mbele yake kifudifudi, akazuia njia.

"Mbuzi hii haipite," alisema. "Muvivu. Hata kaburi tulimuchimbia. Alikufa juu ya buvivu, anaona kazi iko mingi, anakimbia."

Watu walicheka, kama inavyotakiwa, vicheko vidogo katikati ya kilio. Hata Honorine mdomo ulimchezacheza. Nilidhani ameshamaliza. Lakini aliinuka, akapangusa mikono kwenye suruali, macho yake yakatembea kwenye umati mpaka yakanipata.

"Mama Mujinga. Uko hapa?"

Watu wakageuka. "Niko, baba," nilijibu.

"Andika." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mutale. Kazi, mubaya sana. Kuangalia bantu, mubaya sana. Tabia, mubaya sana. Naliongopa ile siku. Andika vile nasema sasa, apana vile nilisema mu bureau."

Sikuwa na karatasi. Sikuwa na kalamu, nilikuwa na kitambaa tu mkononi, na kila mtu alikuwa ananitazama, na Honorine pia.

"Nimeandika, baba," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, akasogea kando, wakampitisha Mutale.